Kilichomezwa Bado Kiko Hai

Mwaka 1926, kwenye miteremko ya Kilimanjaro inayotazamana na Mlima Meru, ilifunguliwa Kibong'oto, mahali pa kutunzia wagonjwa wa kifua kikuu. Wakati huo hapakuwa na dawa hata moja duniani iliyoweza kumuua bakteria wa ugonjwa huo. Streptomaisini ilikuja kupatikana miaka ya 1940. Vituo vya aina hiyo, Ulaya na kwingineko, vilimpa mgonjwa mapumziko, chakula kizuri, hewa safi na umbali kutoka kwa watu ambao angeweza kuwaambukiza. Kazi iliyobaki ziliachiwa seli zake mwenyewe. Wapo waliopona kwa njia hiyo, na wapo wengi waliokufa. Si kwamba seli za waliokufa zilishindwa kummeza adui. Robert Koch, alipomtambua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alimwona pia ndani ya seli za mgonjwa: amekwisha kumezwa, na ugonjwa unaendelea.

Darasani tunafundishwa kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili, na kwamba kazi yao ni kumeza vijidudu. Somo huishia hapo, na mwanafunzi huondoka akiamini kuwa kijidudu kilichomezwa kimekwisha. Hoja ya sura hii ni kwamba imani hiyo imekosea, tena imekosea mahali penye madhara. Kumeza ndiyo sehemu nyepesi ya kinga. Seli zetu humeza karibu kila kitu kinachofika mbele yao: vumbi, masizi, seli nyekundu zilizozeeka, bakteria wa kila namna. Mambo huamuliwa baadaye, ndani ya kifuko kidogo ambamo kilichomezwa kinatakiwa kumeng'enywa, na magonjwa kadhaa yanayosumbua ukanda huu wa Arusha, Meru na Kilimanjaro ni magonjwa ya kitu kilichomezwa kikakataa kumeng'enywa. Anayelishika jambo hili ataona kwa nini dawa za kifua kikuu hunywewa miezi mingi, kwa nini homa inayotokana na maziwa mabichi huondoka na kurudi, na kwa nini vumbi la mgodini linamhusu daktari wa kifua kikuu kama linavyomhusu mkaguzi wa migodi.

Aliyekuwa wa kwanza kulieleza tendo la kumeza kuwa ni kinga alikuwa Élie Metchnikoff, mwaka 1882 huko Messina, Italia. Alichoma mwiba kwenye buu la kiti cha pweza, kiumbe kinachopitisha mwanga hata ndani yake pakaonekana, na kesho yake akakuta seli zimeuzunguka ule mwiba. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich, mtetezi wa waliosema kinga ni kazi ya kingamwili zilizomo kwenye majimaji ya damu. Tendo lenyewe leo tunaweza kulitazama kwa karibu sana. Ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu hutambaa seli ziitwazo makrofaji, kila moja ikiwa na upana wa takriban mikroni 20. Hamsini zikipangwa mstari mmoja hufikia milimita. Bakteria wa kifua kikuu ana urefu wa mikroni 2 hadi 4. Anapougusa utando wa makrofaji, vipokezi vilivyo juu yake humnasa, na chini ya utando nyuzi za protini iitwayo aktini huanza kujijenga na kuusukuma, kingo zikimpanda pande zote mpaka zikutane juu yake na kujifunga. Dakika chache tu, na bakteria yuko ndani, amefungiwa kwenye kifuko kilichokatwa kutoka kwenye utando wa seli yenyewe, kiitwacho fagosomu. Mpaka hapo hajadhurika. Maji yaliyomzunguka ni yale yale ya nje.

Kinachotakiwa kufuata ni safari. Fagosomu hukutana na vifuko vingine vya seli, huungana na hiki na kuachana na kile, na kila hatua protini za utando wake hubadilishwa, hizi zikiondoka na nyingine zikishika zamu. Pampu huwekwa kwenye utando na kuanza kuingiza tindikali, pH ikashuka kutoka takriban 7.4 hadi karibu 4.5. Mitambo mingine ya utando huzalisha oksijeni kali inayounguza. Mwisho wa safari ni kuungana na lisosomu, vifuko alivyovitambua Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1955, ambavyo vimejaa vimeng'enya vya aina zaidi ya 50, vya kukata protini, mafuta, sukari na hata vinasaba. Kwa bakteria asiye na ujanja safari hii haichukui muda mrefu, na mabaki yake huwa chakula cha seli. Ieleweke kwamba hakuna hatua inayokuja yenyewe kwa sababu tu hatua iliyotangulia imepita. Kila muungano unahitaji protini zake, mafuta yake ya utandoni na ruhusa yake, na penye ruhusa nyingi pana nafasi nyingi za kuzuiwa.

Bakteria wa kifua kikuu anaishi katika nafasi hizo. Hakwepi kumezwa; anahitaji kumezwa, kwa kuwa makrofaji ndiyo nyumba yake. Mwaka 1971 watafiti wawili wa London, J. A. Armstrong na P. D'Arcy Hart, walifanya jaribio ambalo hadi leo linastahili kusimuliwa polepole. Walizipa makrofaji feritini, protini yenye chuma inayoonekana kama vidoa vyeusi chini ya hadubini ya elektroni, wakaacha vidoa hivyo vijae kwenye lisosomu. Kisha wakazipa bakteria wa kifua kikuu. Seli ilipommeza bakteria aliyekwisha kufa, vidoa vyeusi vilionekana ndani ya fagosomu yake, ishara kwamba lisosomu imeungana nayo. Ilipommeza aliye hai, fagosomu yake mara nyingi ilibaki nyeupe. Lisosomu zilikuwa pale pale, pembeni, zimejaa, na hazikuingia. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani, wakichunguza bakteria wa jamii hiyo hiyo, wakaongeza kipande kingine cha maelezo: kwenye utando wa fagosomu iliyomfunga bakteria aliye hai, pampu za tindikali zilikuwa chache mno, na pH ilisimama karibu na 6.5. Kwa kipimo hicho, tindikali yake ni pungufu mara 100 kuliko ile ya kifuko kilichofika mwisho wa safari.

Mtu anaweza kupinga kwamba ninafanya hali ya nadra kuwa kanuni. Kila siku mamilioni ya bakteria huingia kwenye vidonda, puani na utumboni, humezwa na kufa bila sisi kujua, na wanaofanya kazi hiyo zaidi ni nyutrofili, chembe nyeupe zenye haraka kuliko makrofaji. Hilo ni kweli, na wala haliigusi hoja. Bakteria wale hufa kwa sababu safari ilikamilika, si kwa sababu walimezwa. Sifa tunalipa tendo la kwanza kwa kuwa ndilo linaloonekana. Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na linatoka kwa Armstrong na Hart wenyewe. Mwaka 1975 waliwapaka bakteria wao kingamwili kabla ya kuwatia kwenye seli. Mara hii lisosomu ziliungana na fagosomu, vidoa vyeusi vikaingia, na bakteria hawakufa kwa kiasi kilichotarajiwa. Kwa hiyo kuungana na lisosomu nako si kifo. Ukuta wa nta wa bakteria huyu, na vifaa vyake vya kuhimili tindikali, humpa uwezo wa kukaa hata ndani ya kifuko kilichokwisha kuungana na lisosomu. Matokeo hayo yanatulazimu kuisema hoja kwa makini zaidi: kinachoamua ni nani anayekitawala kifuko baada ya kujifunga, seli au mgeni wake, na kwa muda gani. Takriban robo ya watu duniani wanakadiriwa kuwahi kuambukizwa bakteria huyu, na kati ya wanaoambukizwa ni asilimia 5 hadi 10 tu wanaougua katika maisha yao. Miongoni mwa waliobaki wapo wanaoishi na mapatano yaliyofanyika ndani ya seli zao, na mapatano hayo huweza kuvunjika.

Ushahidi wa karibu nasi zaidi unatoka kwenye homa. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, KCMC na Mawenzi. Madaktari waliandika malaria kwa wagonjwa 528. Vipimo vya maabara vilipofanywa kwa ukamilifu, malaria ndiyo iliyokuwa chanzo cha homa kwa 14 tu. Baadhi ya wengine walikuwa na maambukizi ambayo hayakuwa yakitafutwa, na miongoni mwake yalikuwamo magonjwa ya kutoka kwa wanyama: 16 walikuwa na brusela, 24 walikuwa na homa ya Q. Upande wa Arusha, katika Hospitali ya Endulen wilayani Ngorongoro, uchunguzi wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta brusela kwa wagonjwa wa homa 14 kati ya 230. Hizi ni homa za watu wanaokunywa maziwa mabichi, wanaomsaidia mbuzi kuzaa kwa mikono mitupu, wanaochuna ngozi ya mnyama aliyetupa mimba. Na bakteria wote wawili, wa brusela na wa homa ya Q, wanaishi ndani ya seli zilizowameza.

Njia zao, hata hivyo, hazifanani, na hapa ndipo mambo yanapovutia. Brusela huingia kwenye makrofaji na kifuko chake huanza safari ya kawaida, tindikali hupanda. Wengi wao, tisa kati ya kumi kwa baadhi ya vipimo, hufa katika saa za mwanzo. Lakini tindikali ile ile inayoua wengi ndiyo inayowaamsha waliobaki. Kwao ni ishara ya kujenga mtambo mdogo unaopenyeza protini zao upande wa pili wa utando, na kwa protini hizo kifuko hugeuzwa njia, kikaachana na lisosomu na kwenda kuungana na utando wa kiwanda cha seli, pale ambapo protini za seli hutengenezwa. Humo huzaliana. Watafiti walipozuia tindikali kupanda mapema, brusela hawakuzaliana. Mwili ulipiga kengele, na aliyeisikia akaitumia kujua saa. Ndiyo sababu matibabu ya brusela ni ya dawa mbili kwa pamoja, kwa kawaida doksisaiklini na nyingine, kwa muda usiopungua wiki sita. Jentamaisini, dawa kali dhidi ya bakteria walio nje, huingia kwenye seli kwa shida kiasi kwamba maabara huitumia kuwaua waliobaki nje na kuwaacha walio ndani ili wahesabiwe. Mgonjwa anayepata nafuu siku ya tano na kuacha vidonge amewamaliza walio nje. Walio kwenye vifuko wanangoja.

Bakteria wa homa ya Q ndiye pingamizi kubwa kuliko yote dhidi ya mtu anayeamini kuwa kila kitu kingekwisha kama tindikali ingefika. Yeye hazuii safari. Huiacha ifike mwisho, lisosomu ziungane, pH ishuke hadi karibu 4.5, na hapo ndipo anapoanza kula na kuzaliana. Bila tindikali uhai wake hulala. Hukipanua kifuko mpaka kijaze nafasi kubwa ya seli. Daktari anayemtibu mgonjwa ambaye homa ya Q imegeuka sugu na kushika moyo humpa doksisaiklini pamoja na haidroksiklorokwini, na kazi ya hiyo ya pili ni kuipunguza tindikali ya vifuko, kinyume kabisa na tunachotamani katika kifua kikuu. Huko kwenye kifua kikuu kuna dawa, pirazinamaidi, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi mahali penye tindikali. Ugonjwa mmoja unatibiwa kwa kuipunguza tindikali, mwingine kwa dawa inayoitegemea. Tofauti hiyo haiwezi kueleweka kwa lugha ya askari na maadui. Inaeleweka tu kwa kuuliza kijidudu kimekaa kwenye kifuko gani.

Mpaka sasa nimezungumzia kinachotoka nje. Seli ina njia nyingine ya kumeza, nayo humeza vilivyomo ndani yake: protini zilizoharibika, mitokondria zilizochakaa, na pia bakteria waliotoboa kifuko na kutoka. Utando mpya hujengwa kuzunguka kitu hicho, ukakifunga kwa kuta mbili, kisha kifuko hicho kikaungana na lisosomu. De Duve ndiye aliyelipa tendo hili jina, otofaji, mwaka 1963, lakini kwa miaka thelathini hakuna aliyejua linaendeshwa na vinasaba gani. Yoshinori Ohsumi wa Japani alifungua mlango mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa hamira, na namna alivyofanya ni ushahidi mzuri wa hoja yangu. Katika hamira ya kawaida vifuko hivi humeng'enywa haraka mno hata havionekani. Akachagua hamira iliyokosa vimeng'enya vya kukata protini, akainyima chakula, na katika saa chache tumbo la kila seli likajaa vifuko vinavyotikisika chini ya hadubini ya kawaida. Kumeza kulionekana pale tu kumeng'enya kulipozuiwa. Kwa njia hiyo alitafuta hamira zenye kasoro, akavipata vinasaba husika, na mwaka 2016 akapewa Tuzo ya Nobel peke yake.

Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba makrofaji zilizoambukizwa zikisukumwa kuanza otofaji, kwa kunyimwa virutubisho au kwa dawa iitwayo rapamaisini, kizuizi cha bakteria wa kifua kikuu hulegea: tindikali hupanda kwenye vifuko vyao na idadi yao hupungua. Matumaini yakawa makubwa. Kisha mwaka 2015 yakaja matokeo yaliyowapoza wengi. Panya walioondolewa vinasaba kadhaa vya otofaji katika makrofaji zao hawakuugua kifua kikuu zaidi ya wenzao. Kinasaba kimoja tu, ATG5, kilionyesha tofauti kubwa, na kilifanya hivyo kupitia nyutrofili, kwa njia ambayo haikuonekana kuwa otofaji ya kawaida. Je, hoja imeanguka? Naona hapana. Panya si mtu, na mwaka 2023 makrofaji za binadamu zilizokosa kinasaba cha otofaji ATG7 au ATG14 zilishindwa kuwadhibiti bakteria hao. La msingi zaidi ni kwamba mwili una njia zaidi ya moja ya kuifikia lisosomu, na anayefunga moja asishangae nyingine zikitosha kwa panya wa maabara anayekula vizuri na kuambukizwa mara moja.

Neno kuhusu kula ni la lazima hapa, kwa sababu otofaji imekwisha kutoka maabara na kuingia kwenye mahubiri ya afya. Tangu Ohsumi apewe tuzo, inasemwa kwamba kufunga, iwe Ramadhani, iwe Kwaresima, iwe mfungo wa saa kumi na sita, huamsha otofaji na kwa hiyo husafisha mwili na kuua vijidudu. Mfungo una thamani zake kwa aufungaye, na hizo hazihitaji cheti cha maabara. Lakini dai la kwamba njaa hulinda dhidi ya maambukizi linagonga ukuta wa ushahidi. Katika jimbo la Jharkhand, India, watafiti waliwapa chakula cha ziada watu wanaoishi nyumba moja na wagonjwa wa kifua kikuu, wakawalinganisha na wengine ambao hawakupewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba waliopewa chakula walipata kifua kikuu pungufu kwa asilimia 39, na kile cha mapafu chenye kuambukiza kwa asilimia 48. Seli kwenye bakuli la maabara inaweza kunyimwa chakula kwa saa mbili na kuwashwa mitambo yake. Mtu anayeshinda njaa mwezi baada ya mwezi hupoteza seli zenyewe, pamoja na zile za kuziamuru. Ni vibaya kumwambia mgonjwa wa kifua kikuu ajinyime, na anayefanya hivyo kwa jina la Ohsumi amemsingizia.

Nimetaja seli za kuamuru. Makrofaji haipati nguvu zake zote peke yake. Limfosaiti aina ya T huitambua ile iliyoambukizwa kwa vipande vya bakteria inavyovionyesha juu ya utando wake, na kuimwagia intaferoni gama, ishara inayoongeza tindikali, oksijeni kali na otofaji kwa wakati mmoja. VVU huziua limfosaiti hizo, na hapo mapatano ya miaka mingi huvunjika. Makrofaji zinaendelea kumeza kama jana, ila amri ya kumaliza kazi haiji. Na pale ambapo mgeni ametoka kabisa kwenye kifuko, amri ya namna hiyo haifai tena. Wafugaji wa Arumeru, Monduli na Longido wanamjua mgeni wa aina hiyo kwa vifo vya ndama: kijidudu cha ndigana kali, Wamaasai wakiita oltikana, kinacholetwa na kupe wa masikioni. Nyati wa mbugani, kama wale wa Hifadhi ya Arusha chini ya Mlima Meru, huweza kukibeba bila kuugua. Kinapoingia kwenye limfosaiti ya ng'ombe, huyeyusha utando unaokizunguka katika robo saa hivi na kubaki huru, kikijizungushia nyuzi za seli yenyewe na kugawanyika pamoja nayo. Hakuna kifuko cha kupeleka kwenye lisosomu. Chanjo iliyotengenezwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970, ambayo kwayo ng'ombe hupewa vijidudu hai pamoja na oksitetrasaiklini ya kudumu muda mrefu, hufanya kazi kwa kuzifundisha limfosaiti nyingine kuiua seli nzima pamoja na mpangaji wake. Wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania ni miongoni mwa walioipokea kwa wingi kuliko wote.

Kuua seli nzima si hasara tupu, ikiwa kifo chenyewe kina utaratibu. Makrofaji yenye bakteria wa kifua kikuu ikijiua kwa mpango, ikajikunja na kubaki imefungwa ndani ya utando wake, makrofaji jirani huimeza pamoja na bakteria walionaswa ndani, na watafiti walionyesha mwaka 2012 kwamba safari hii ya pili mara nyingi hufika kwenye lisosomu na bakteria hufa. Ikipasuka ovyo, bakteria humwagika na kumezwa mmoja mmoja, na hadithi huanza upya. Kwa hiyo namna seli inavyokufa ni sehemu ya namna inavyomeng'enya. Na kuna kitu kimoja, si kijidudu, kinachozifanya makrofaji zipasuke.

Mirerani iko wilayani Simanjiro, kusini mashariki mwa Arusha, na tanzanite yake imechimbwa tangu miaka ya 1960 na wanaapolo wanaoteremka kwenye mashimo marefu, wanachoronga mwamba, wanalipua baruti na kubeba udongo ndani ya vumbi ambalo taa haipenyi. Mwamba ule una grafaiti, na una silika. Watafiti waliopima hewa ya mashimo hayo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta silika imezidi kwa mbali viwango vinavyokubalika. Chembe yenye madhara ni ile ndogo, ya mikroni chache, sawa na bakteria. Kubwa hunaswa puani. Makrofaji huimeza kwa utiifu ule ule. Safari hukamilika vizuri kabisa: pampu zinafanya kazi, tindikali inapanda, lisosomu inaungana. Kisha uso wa fuwele unautoboa utando wa lisosomu, kama ilivyoelezwa tangu miaka ya 1960, na vimeng'enya vilivyokusudiwa kumeng'enya kilichomezwa vinamwagika ndani ya seli. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba kupasuka huku huwasha mtambo wa uvimbe uitwao NLRP3. Seli hufa, chembe ya silika inatoka ikiwa ile ile, haijapungua, na makrofaji inayofuata inaimeza. Kovu hujengwa mahali hapo mwaka hadi mwaka, hata baada ya mtu kuacha kazi.

Sasa mpe mtu huyo bakteria wa kifua kikuu. Makrofaji zake tayari zimejaa jiwe, lisosomu zake zinavuja, na vifo vya seli zake ni vile vya kumwaga. Ndiyo maana wenye silikosisi hupata kifua kikuu takriban mara tatu hadi nne zaidi ya wengine, na hata waliovuta silika bila kufikia silikosisi wana hatari iliyoongezeka. Mtu anaweza kusema kwamba wachimbaji huugua kwa sababu ya msongamano, umaskini, VVU na pombe, na kwamba vumbi linasingiziwa. Mambo hayo yote yapo, na yanaongeza uzito. Lakini uhusiano huo umeonekana nchi baada ya nchi, umeonekana kwa wachimbaji wa migodi mikubwa wenye ajira na hospitali zao, na unaeleweka ndani ya seli moja moja. Hakuna dawa inayoitoa silika kwenye mapafu. Kitambaa kinachofungwa puani hakizuii chembe za ukubwa huo. Kinachofaa ni kuchoronga kwa maji ili vumbi lisipae, kusukuma hewa safi hadi mwisho wa shimo, na kungoja moshi na vumbi la baruti vitulie kabla ya kurudi ndani; na kwa aliyekwisha kuvuta vumbi, ni kupimwa kifua mara kwa mara kwa miaka mingi. Wengi wa hawa hawako Mirerani tena. Wanaendesha bodaboda Arusha mjini, wanalima Arumeru, wanauza nguo Kilombero sokoni. Mmoja wao anapofika kituo cha afya na kikohozi cha wiki tatu, huulizwa kuhusu jasho la usiku na kupungua uzito. Aulizwe pia kama amewahi kushuka mgodini, hata kama ni miaka kumi iliyopita.